Picha Katika Barua za Chama



Karatasi hii huchapwa kwa mashine ya kunakili, na picha ikipita humo hutoka kama doa la masizi. Ndiyo sababu hamzioni humu. Lakini barua tunazopeleka kwa wakubwa siku hizi zina picha, nazo hutengenezwa kwa kompyuta. Nataka kusema juu ya picha hizo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya kosa, na aliyelipa ni mwenzetu.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa gengi walipiga picha usiku kwa simu, wakaonyesha mataruma yaliyooza na misumari iliyolegea. Nikaziweka katika barua kwa Word. Pembeni mwa picha moja alisimama kijana wa mkataba, ameshika taa ili mwenzake aone. Nikamkata asionekane, nikapeleka. Juu ya karatasi hakuwapo. Lakini mimi sikupeleka karatasi, nilipeleka faili. Huko ofisini mtu akabonyeza picha ile, akavuta ukingo wake, na kijana akatokea mzima, uso wake na taa yake. Mkataba wake ulipokwisha, haukuongezwa.

Jueni basi ya kuwa kukata picha katika Word au PowerPoint si kuifuta. Sehemu iliyokatwa imefichwa tu, kama upindo wa suruali, nayo ingali ndani ya faili. Mwenye kutaka kuiondoa kabisa abonyeze picha, atafute kifungo kiitwacho Compress Pictures, atie alama mahali pa kufuta sehemu zilizokatwa, kisha ahifadhi tena. Kufunika uso kwa kisanduku cheusi hakufai hata kidogo, maana kisanduku huondolewa kwa kidole kimoja. Mtu asiye na hakika apeleke karatasi yenye mhuri.

Tena picha ya simu huweza kubeba ndani yake saa, mahali na aina ya simu iliyoipiga. Mambo hayo ni ushahidi mzuri kwetu, lakini pia huonyesha ni simu ya nani. Kwa hiyo picha ya asili apewe katibu wa tawi aitunze bila kuigusa, na barua itumie nakala.

Kosa langu la pili lilikuwa dogo, lakini lilituaibisha. Niliivuta picha kwa ubavu ijaze ukurasa, na ufa wa taruma ukaonekana mpana kuliko ulivyo. Mhandisi akaja na futi, akapima, akasema chama kinatia chumvi. Yale mataruma mengine hakuyatazama. Picha ivutwe kwa pembe, ndipo urefu na upana huenda pamoja. Na siku hizi tunalaza futi kando ya ufa kabla ya kupiga.

Juu ya uzito: picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 4 au 5. Ukijaza kumi katika PowerPoint, barua pepe nyingi huikataa, kwani kiasi cha Gmail ni megabaiti 25. Kifungo kile kile huzipunguza. 150 yatosha kwa kuonyesha ukutani, 220 kwa kuchapa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia hatari kazini. Na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, uso wa mtu ni habari yake mwenyewe, na sisi wa chama pia twapaswa kumwomba ruhusa kabla ya kuutumia. Mimi sikumwomba kijana yule. Wakubwa nao wasema hawakumfukuza mtu, mkataba ulikwisha tu.

Neno lake litasikizwa na kamati ya tawi Jumamosi hii. Faili ya asili ninayo, na barua niliyoipeleka ninayo, nami nitazifungua zote mbili mbele yenu.