Kisu cha Mapema, Kisu cha Kuchelewa

Mwaka 1985 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Fortaleza, nchini Brazil, wakatamka kwamba hakuna eneo lenye sababu ya kuzalisha kwa upasuaji zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya akina mama wake. Leo, katika nchi hiyo hiyo, zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa kisu. Je, maumbile ya wanawake wa Brazil yamebadilika? Hata kidogo! Kilichostawi ni soko.

Katika hospitali za matajiri wa huko, daktari anayekesha kusubiri uchungu huhesabiwa kuwa amepoteza wakati. Anayepanga upasuaji asubuhi ya Jumanne humaliza kazi mapema na kupokea wengine. Mtoto hatolewi kwa kuwa amekomaa, bali kwa kuwa ratiba imefika. Anayelipa gharama ni mtoto, kwa mapafu yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 kuhusu zaidi ya wanawake 13,000 waliopangiwa upasuaji wa kurudia ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi walipasuliwa kabla ya wiki 39. Watoto wa wiki 37 walikabiliwa na hatari ya madhara, yakiwemo ya kupumua, takriban mara mbili ya wale wa wiki 39. Mwaka 2016 baraza la madaktari la Brazil lililazimika kukataza upasuaji wa hiari kabla ya wiki hizo.

Wako wasemao kuwa huo ni uhuru wa mama. Uhuru gani huo, ikiwa anayemshauri ndiye anayefaidika na shauri lake?

Mnyonge wa kijijini naye huumizwa na saa hiyo hiyo, ila kwa kuchelewa. Uchungu ukikwama huku gari halina mafuta na damu haipo, kizazi hupasuka, mtoto hufa, au mama hubaki na fistula. Tanzania ilianza kujibu tatizo hili mwaka 1963 kwa kufundisha madaktari wasaidizi. Utafiti wa mwaka 2009 katika mikoa ya Mwanza na Kigoma haukuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari kamili.

Basi mwalimu na awafundishe wasichana kuhesabu wiki za mimba. Na mtumishi anayekalia hati ya mafuta ya gari la wagonjwa atambue kwamba naye ameshika kisu: akichelewa kutia sahihi, anaua.