Kompyuta ndogo na hofu ya wazazi



Mzazi mmoja wa hapa Bukoba ameipendekezea kamati yetu kwamba madrasa inunuliwe kompyuta. Mwenzake alipinga papo hapo: simu zimekwisha kutuharibia watoto, iweje tuwaongezee na kompyuta? Kamati haijaamua. Kabla haijaamua, tumeona ni vyema familia zikumbushwe kuwa nchi hii iliwahi kuiogopa mashine hiyo, tena kwa sababu zenye uzito.

Mwaka 1965 Serikali ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Zama hizo kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba. Mwaka huohuo, nchini Marekani, kampuni ya Digital Equipment ilitoa PDP-8, iliyokaribia ukubwa wa jokofu na kuuzwa kwa dola 18,000 hivi. Mashine za aina hiyo ziliitwa minikompyuta. Jina hilo leo linachekesha, lakini lilistahiki, kwani maabara na viwanda ambavyo havikuwa na uwezo wa kununua mitambo mikubwa sasa viliweza kumiliki kompyuta.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Mpango wa kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta ulileta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, pamoja na televisheni. Hatuwalaumu walioamua, fedha za umma zilikuwa zimepotea kweli. Lakini utazameni wakati wenyewe. Januari 1975 ilitangazwa Altair 8800, kikasha cha kuwekwa mezani ambacho mtu binafsi aliweza kukinunua na kukiunganisha kwa mikono yake. Mwaka 1977 ikaja Apple II, na mwaka 1981 kompyuta binafsi ya IBM. Marufuku iliyokusudiwa kuzuia mitambo ya gharama kubwa ikaifungia mlango hata ile midogo, ambayo ndiyo iliyokuja kuipunguza gharama hiyo. Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa katika usimamizi, ila adhabu ikaangukia mashine.

Sasa turejee madrasani. Tangu mwaka 2012 inauzwa kompyuta ya Kiingereza iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki. Ilipotoka bei yake ilikuwa dola 35, bila skrini wala kibodi, na hivyo viwili ndivyo vitakavyotutoa jasho. Huko Karatu zimetumika katika shule za sekondari kwa umeme wa jua, jambo lisilo dogo kwetu watu wa Kagera, ambao kwa miaka mingi tumeutegemea umeme wa Uganda na tunajua maana ya kukaa gizani.

Mzazi aliyepinga anahofia intaneti isiyo na mlezi, na hofu yake tunaishiriki. Hata hivyo, kompyuta hii hufanya kazi bila intaneti kabisa. Kamusi, vitabu vya masomo na hata nakala ya Wikipedia ya Kiswahili huhifadhiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na mtoto haoni ila kile alichowekewa na mwalimu. Anaweza pia kujifunza kuandika programu, jambo ambalo simu ya kutelezesha kidole haimfundishi.

Pendekezo litajadiliwa katika kikao kijacho, baada ya swala ya Isha, na wazazi wote, akina mama wakiwemo, wanakaribishwa. Suala la nani atakayeshika ufunguo wa chumba bado halijapata jibu.