Mafunzo ya upasuaji wa moyo yasisahau kifua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya mafunzo ya madaktari wetu wanaosomea upasuaji wa moyo na kifua. Nasema "moyo na kifua" kwa makusudi, maana ndivyo fani hiyo inavyoitwa karibu dunia nzima, lakini hapa kwetu nusu ya pili ya jina hilo naona imeanza kusahauliwa.

Kwanza sina budi kuipongeza Serikali. Kabla ya mwaka 2008 mwananchi aliyetakiwa kufunguliwa moyo ilibidi apelekwe nje, hasa India, na asiyekuwa na mtu wa kumsemea alibaki nyumbani akisubiri siku yake. Mwaka huo kazi hiyo ilianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Siku hizi hata wagonjwa wa nchi jirani wanakuja Dar es Salaam kutibiwa. Anayebeza jambo hilo hajui tulikotoka. Tena sasa kuna ufadhili wa Rais Samia kwa madaktari wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi, kwa hiyo fedha za umma zinatumika, na wananchi tuna haki ya kuuliza zinanunua elimu ya namna gani.

Safari ya daktari huyu ni ndefu. Husoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi ya kazi mwaka 1, akasomea ubingwa wa upasuaji wa kawaida miaka 3 au 4, ndipo aingie kwenye moyo na kifua. Marekani nako njia ya zamani ni miaka 5 ya upasuaji wa kawaida na mingine 2 au 3 ya moyo na kifua, ingawa zipo hospitali zao zinazomchukua daktari moja kwa moja kwa miaka 6. Kwa muda hatupishani sana. Tunapishana katika magonjwa anayoyaona mwanafunzi na kazi anayoifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Ulaya na Marekani mgonjwa wa kawaida wa mpasuaji wa moyo ni mzee ambaye mishipa yake imeziba kwa mafuta, au valvu yake imekakamaa kwa umri. Mgonjwa wetu ni msichana wa shule ambaye valvu zake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ulioanza na koo tu, na ambao sindano ya penisilini ingeuzuia. Au ni mtoto mchanga mwenye tundu kwenye moyo. Daktari wetu akikaa miaka 2 ughaibuni atarudi na cheti kizuri, lakini mkono wake utakuwa umezoea wazee wa watu. Na hapo ni kama aliruhusiwa kuutumia huo mkono, kwa maana katika nchi nyingi mgeni asiyekuwa na leseni ya huko huruhusiwa kutazama tu. Nani amewahi kujifunza kuogelea kwa kusimama ufukoni?

Hapa nyumbani nako kuna kambi za mabingwa wa nje wanaokuja kwa wiki moja hivi kusaidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wenyeji wengi wamepona, sina ugomvi na wageni hao. Lakini bingwa mwenye siku 5 na orodha ndefu ya wagonjwa hana subira ya kumwachia mwanafunzi kisu. Iandikwe katika mapatano ya kila kambi kwamba upasuaji kadhaa utafanywa na daktari wetu anayesoma, mgeni akiwa msaidizi wake, kisha mgeni atie sahihi katika daftari la kazi za mwanafunzi. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao hapa hapa Arusha, tayari kinawataka wanafunzi wake waweke kumbukumbu za upasuaji wanaoufanya. Kwa hiyo siombi jambo geni.

Sasa nije kwenye kifua. Vijana wengi hawajui kwamba fani hii ilianzia huko. Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940, wapasuaji walikuwa wakikata mbavu za mgonjwa ili pafu bovu lilale na kupumzika. Moyo ulikuja baadaye. Mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu ilifanikiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa Dk. John Gibbon huko Philadelphia. Kifua ndicho kaka mkubwa, moyo ni kitindamimba, na kama ilivyo katika nyumba nyingi kitindamimba ndiye anayependwa. Ndiye anayepigwa picha na wafadhili.

Lakini nendeni wodini mikoani. Mtakuta mtoto ambaye usaha umemjaa kifuani baada ya nimonia, mtu ambaye pafu lake limeharibiwa na kifua kikuu cha zamani, mzee asiyemeza hata uji kwa saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaowasumbua sana watu wa ukanda wetu huu kuanzia Kenya mpaka Malawi. Na majeruhi wa bodaboda. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Damu ilimjaa kifuani, na katika hospitali moja ya mkoa hakupatikana mtu wa kumwekea mrija wa kuitoa. Akasafirishwa usiku kucha mpaka mkoa mwingine, ambako kazi hiyo ilimalizika kwa nusu saa. Mrija na chupa ya maji, basi. Alipona. Sijui wangapi wanaishia njiani.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo nashauri kila daktari anayesomea moyo na kifua atumie angalau miezi 6 ya masomo yake katika hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, chini ya mwalimu, akitibu vifua na kuwafundisha madaktari wa mikoa kuweka mirija. Wako watakaosema mafunzo makubwa namna hii hayawezekani nje ya jiji. Waende Tenwek, hospitali ya misheni huko Bomet nchini Kenya, iliyoko shamba kabisa, waone wapasuaji wa moyo na kifua wanavyofundishwa pale.

Jambo jingine ni kwamba mpasuaji mmoja hafanyi kazi hii peke yake. Anahitaji daktari wa usingizi, fundi wa mashine ya moyo na mapafu, na wauguzi wa chumba cha mahututi wanaojua kusoma hali ya mgonjwa saa nane za usiku. Christiaan Barnard wa Cape Town, ingawa nchi yake wakati huo ilikuwa chini ya Makaburu, anatufundisha kitu. Alisoma Minneapolis, akarudi mwaka 1958 na mashine yake, akajenga kikosi, na ilipita miaka 9 kabla ya Desemba 3, 1967, alipohamisha moyo wa mtu katika Hospitali ya Groote Schuur. Sisi tukimsomesha mpasuaji bila kuwasomesha hao wenzake, atarudi akae ofisini asaini karatasi za rufaa.

Ningeomba Wizara ya Afya itujibu kupitia ukurasa huu huu: kati ya madaktari wanaofadhiliwa sasa kusomea moyo na kifua, ni wangapi wanasomea hapa nchini? Kwa kila mmoja wao, ni wauguzi na mafundi wa mashine wangapi wanasomeshwa? Na wakimaliza, ni wangapi watapangwa nje ya Dar es Salaam?

Msomaji wako,
Moshi.