Miji mingi, siku moja

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika, ziara tunazipenda. Ila ile ya kutoka hapa Kizuka alfajiri, Bujumbura, Gitega, jioni kurudi, inatuchosha bure. Pale Mugere tunashushwa dakika kumi: jiwe, Livingstone na Stanley, 25 Novemba 1871, picha, pandeni gari. Wengi wanabaki wakidhani ndipo walipokutana mara ya kwanza, kumbe ilikuwa Ujiji, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili. Susi na Chuma, waliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, hata hawatajwi.

Buyenzi ndiyo inatuuma zaidi. Mtaa wa Waswahili, ndani ya Bujumbura kabisa, wazee wanaongea lugha yetu, na sisi tunauona kwa dirisha! Sababu Gitega ni mbali na karatasi ya ruhusa inaisha jioni.

Gitega na makumbusho yake iwe safari nyingine. Buyenzi tupeni siku nzima, na mzee wa mtaa awe ndiye kiongozi. Swali la kwanza tunalo tayari: wale waliotoka Kongo na Tanganyika zamani, walifanyaje mpaka wakawa wenyeji?