Ufuo Usio na Watu: Maji, Mwezi na Msafiri wa Njiru

Kila ifikapo mwezi wa Desemba, vyama vya akiba katika mitaa ya Njiru, Saika na Mihang'o hugawana kilichowekwa mwaka mzima. Baadhi ya wanachama hurudi mashambani kwa wazee wao. Wengine, hasa vijana na familia changa, huamua kuteremka Pwani. Huko wanakotoka maji ya kuogelea hayapo, isipokuwa yale yanayotuama katika machimbo ya mawe baada ya mvua, na hayo hakuna mzazi anayependa mwanawe ayakaribie. Si ajabu, basi, kwamba safari hiyo hungojewa kwa hamu. Na kila inapopangwa, swali huwa lile lile: ni ufuo upi mzuri, ulio shwari, usiojaa watu?

Aghalabu jibu hutafutwa katika matangazo ya utalii. Huko ufuo husemekana kuwa haujaguswa, kuwa umejificha, kuwa ni paradiso. Hicho ni Kiswahili kwa sauti tu. Fikra zake ni za ng'ambo, na hakimwambii msafiri lolote analohitaji kujua. Ilhali Kiswahili cha wavuvi kimekwisha kulijibu swali hilo zamani, kwa maneno machache ambayo wanafunzi wengi wa lugha hii kutoka bara huyapitia katika kamusi na kuyasahau: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, mwamba.

Mombasa ndiko wengi wanakoishia. Mji huo ni kisiwa, lakini fuo zinazowavuta wageni hazimo kisiwani. Nyali, Bamburi na Shanzu zipo bara ya kaskazini. Tiwi na Diani zipo kusini, ng'ambo ya Likoni. Kisiwani penyewe ipo Mama Ngina, ambako watu hula mihogo ya kukaanga wakiitazama bahari kutoka juu ya jabali, ila si mahali pa kutandika mkeka mchangani. Kwa hiyo msafiri wa Njiru huelekezwa kwenye Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao makondakta wa matatu huuita Pirates. Siku ya Krismasi na ile ya Mwaka Mpya, mchanga wa hapo hauonekani kwa wingi wa miguu. Kuna ngamia wa kukodi, maboya ya mipira ya magari, wapiga picha, na watoto waliopotezana na mama zao. Hapana ubaya wowote katika hayo. Mwenye kupenda umati amefika. Anayestahiki kusikitikiwa ni yule aliyekuja kutafuta utulivu akafikiri kwamba, maadamu hana fedha za hoteli, hapo ndipo mwisho wa haki yake.

Umati huo hautokani na uhaba wa mchanga. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika orodha ya ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mchanga unaofunuliwa na maji mbele ya hoteli yoyote ile, hata iwe ya kifahari namna gani, ni wa mkazi wa Njiru sawasawa na ulivyo wa mgeni anayelala humo. Kinachokosekana ni njia. Vichochoro vya kuteremkia baharini ni vichache, vingine vimebanwa na kuta, vingine vina mlango na mlinzi. Hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Eastlands, anayejua vyema jinsi kiwanja cha umma kinavyozungushiwa ua usiku na kuamkia na mwenyewe.

Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: ardhi hiyo ya umma hujaa na kupwa. Haikai mahali pamoja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa huweza kukaribia mita 4. Siku hizo bahari hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ikajaa pomoni mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Sasa na atazamwe msafiri aliyetoka Njiru alfajiri, akapitia Eastern Bypass hadi kituo cha reli cha Syokimau, akapanda treni ya asubuhi. Atafika Miritini mchana. Hadi apate matatu, apate chumba, abadili nguo, ni saa kumi. Ikiwa ni siku ya bamvua, atakuta mawimbi yanapiga kuta za hoteli, na ardhi yote aliyopewa na Katiba imo chini ya maji. Hana pa kukanyaga. Atarudi Pirates kubanana na wenzake, na kwao atasimulia kwamba fuo za Mombasa ni za matajiri.

Laiti angesubiri hadi kesho yake asubuhi! Maji yakiwa yamepwa, angeliingia kwa lango lile lile la umma, akageuka upande mmoja na kutembea tu. Umati haupendi kutembea. Hukaa karibu na lango, karibu na vibanda vya soda. Mwendo wa nusu saa juu ya mchanga mgumu humtenga mtu na makelele, na haulipiwi. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi. Kwa wenye watoto wadogo wanaotaka kuchezea maji, siku hizo ni bora kuliko za bamvua. Kila siku wakati husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, hivyo anayejua saa ya leo anaweza kuikisia ya keshokutwa bila kumwuliza mtu.

Wapo wanaoweka akiba kwa muda mrefu zaidi ili wafike Unguja, kwa basi hadi Dar es Salaam na kwa boti hadi Mjini. Huko swali la umati hupata sura nyingine. Kendwa na Nungwi, kaskazini ya kisiwa, maji hayapwi mbali. Mtu anaweza kuogelea takriban saa yoyote, na kwa sababu hiyo hasa ndiko wageni wanakojazana. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, bahari hupwa ikaenda mbali mno, hata mgeni aliyezowea picha za matangazo hudhani amedanganywa. Hutazama uwanda ule wa mchanga na maji ya magoti akasema ni ufuo mtupu, usio na watu.

Kumbe watu wamo. Ni wanawake walioinama, wenye kanga zilizofungwa kiunoni, wakikagua kamba zilizofungwa vijitini. Ukulima wa mwani wa biashara ulianzishwa Zanzibar mnamo mwaka 1989, na vijiji hivi viwili ni miongoni mwa vya kwanza kuupokea. Maji kupwa, ambayo kwa mgeni ni hasara ya likizo, kwa wakulima hao ndiyo saa ya kazi. Bamvua ndiyo inayowafungulia shamba. Neno "utupu" hapo si maelezo ya mandhari bali ni upofu. Na msafiri wa Njiru, ambaye mamake pengine huamkia sokoni kabla ya kucha, hana udhuru wa kutoiona kazi ya mwanamke kwa sababu tu inafanyikia mahali pazuri. Akipita hapo na asizikanyage kamba.

Yabaki maneno ya upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Likizo ya Agosti, basi, ni likizo ya kusi. Anayekwenda Lamu wakati huo na kuufuata ufuo wa Shela, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 12, atapata upweke wote anaoutaka, lakini kadiri anavyouacha mji nyuma ndivyo kinga ya kisiwa cha Manda inavyopungua, na bahari iliyo mbele yake ni bahari kuu. Kuogelea peke yake huko ni ujinga. Ufuo mtulivu si lazima uwe na maji matulivu. Pale ambapo mwamba umejenga boma, kama Diani, maji ya ndani huwa mapole. Pale palipo na mlango katika mwamba, mkondo hutoka kwa nguvu maji yanapopwa, na mvuvi yeyote atamwonyesha mgeni mahali penyewe iwapo ataulizwa kwa adabu. Majina nayo husema. Kaskazini-magharibi mwa Pemba, jirani ya msitu wa Ngezi, kuna ufuo mrefu mweupe ambao wageni huusifu kwa uchache wa watu wake. Unaitwa Vumawimbi. Anayekijua Kiswahili ameonywa kabla hajavua viatu.

Hapa ndipo penye lawama kwa madarasa ya Kiswahili. Mwanafunzi husoma Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, humsoma Muyaka bin Haji, humsoma Haji Gora Haji aliyezaliwa Tumbatu, kisha huandika kurasa nzima kuhusu taswira ya bahari. Taswira anaijua. Bahari yenyewe haijui. Akiulizwa tofauti ya bamvua na maji mafu hubabaika, na chama cha wanafunzi kinapoandaa ziara ya Lamu au Mombasa, tarehe huchaguliwa kwa kutazama bei ya basi na ratiba ya mitihani, wala hakuna anayeuliza habari za mwezi. Matokeo yake ni mabasi mawili ya wanafunzi wa fasihi kufika ufuoni saa kumi jioni na kupigwa picha mbele ya ukuta.

Wahadhiri wanaoziongoza ziara hizo wangeweza kuanza na jambo dogo, nalo ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee wa ufuoni wakaulize saa za maji. Mvuvi wa Shela akiulizwa bahari itajaa saa ngapi, aghalabu hatajibu papo hapo. Kwanza naye huuliza: "Leo mwezi ngapi?"