Shaka humwokoa mshtakiwa, haifuti machungu ya aliyedhulumiwa

KILA mara mahakama ya rufaa hapa Kenya inapomwachilia mfungwa au kumpunguzia kifungo, minong'ono huzuka mitaani: "Amehonga!" Ndugu Waislamu, yatupasa kutenganisha mambo mawili kabla ya kuhukumu kwa ndimi zetu.

La kwanza ni ushahidi usiotosheleza. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kuwa ushahidi wa mtu mmoja anayedai kumtambua mhalifu katika mazingira magumu sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa. Shahidi aweza kuwa mkweli, na bado akakosea. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 nayo ilisisitiza kuwa mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza iupime upya ushahidi wote. Shaka ya kimsingi ikibaki, mshtakiwa huachiliwa.

La pili ni adhabu. Hapa hatia hubaki palepale. Kinachopungua ni kifungo. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Julai 2021, mahakama hiyo ilifafanua kuwa uamuzi ule ulihusu kesi za mauaji pekee.

Msingi huu si mgeni kwetu. Wengi wa mafakihi wameshikilia kuwa adhabu za hudud huepushwa penye shubuha, na Sura An-Nur humtaka anayemtuhumu mwanamke kwa zinaa alete mashahidi wanne.

Hata hivyo, tusiisahau familia ya marehemu. Mshtakiwa anapoachiliwa kwa sababu upelelezi ulikuwa hafifu, damu iliyomwagika bado inadai haki. Lawama hapo imwendee aliyezembea kukusanya ushahidi, si jaji aliyeogopa kumfunga asiye na hatia.

Kwa walio na jamaa gerezani: rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na anayechelewa huhitaji idhini ya mahakama. Tafuteni wakili mapema, kwani mahakama ya rufaa ina uwezo pia wa kuongeza adhabu.

Tumwombe Allah (SW) atujaalie ndimi zisizohukumu kwa dhana.