Anyang na Asante ya Punda

Tarehe 18 Juni 2002, mjini Daejeon, dakika ya 117, Lee Young-pyo alipiga krosi kutoka kushoto, naye Ahn Jung-hwan akaruka juu ya Paolo Maldini na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Italia ikafungishwa virago kwa bao la dhahabu. Siku nne baadaye Uhispania nayo ikatolewa kwa mikwaju ya penalti, na Korea Kusini ikawa timu ya kwanza ya Asia kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia tangu Asia ijitenge kuwa shirikisho lake. Jina la Ahn likavuma kote ulimwenguni. Ni wachache waliouliza yule mpiga krosi alitoka wapi.

Lee alikuwa mchezaji wa Anyang LG Cheetahs, klabu ya mji wa Anyang ulio kusini mwa Seoul, mabingwa wa ligi ya mwaka 2000. Je, mji huo ulilipwa nini? Asante ya punda. Haikutimia miaka miwili kabla ya kampuni ya LG kuihamisha klabu hadi Seoul, mwaka 2004, na kuibatiza FC Seoul. Jiji kuu lilikuwa na uwanja uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, wenye viti zaidi ya elfu sitini, na halikuwa na klabu ya ligi kuu ya kuutumia.

Watetezi wa uhamisho huo hudai kwamba klabu ilikuwa ikirejea kwao, kwa kuwa ilikuwa Seoul hadi mwaka 1996, ligi ilipoziondoa klabu tatu jijini humo ili kandanda ienee nchini. Tarehe hizo ni za kweli, lakini hoja yenyewe haina mashiko. Mtoto aliyeanza kupelekwa uwanjani Anyang akiwa na miaka 7 mwaka 1996 alikuwa na miaka 15 timu ilipoondoka. Kwake yeye, hapakuwa na "kwao" kwingine. Iwapo Seoul ilihitaji timu, ilipaswa kuunda yake.

Chanzo cha dhuluma hiyo kilikuwamo katika majina yenyewe. Ligi ilipoanza mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, klabu nyingi ziliitwa kwa kampuni zilizozimiliki: Daewoo, Yukong, Hyundai, Lucky-Goldstar. Baadaye majina ya miji yakatangulizwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa sarufi angeona mara moja kwamba katika "Anyang LG" mji ulikuwa kivumishi tu. Nomino ilikuwa kampuni, na nomino hiyo ilipoamua kuondoka, kivumishi kikaachwa nyuma.

Ni kweli kwamba FC Seoul ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2010, 2012 na 2016. Ni kweli pia kwamba ilimkuza Lee Chung-yong, aliyefunga mabao mawili katika Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini. Lakini mafanikio ya mwenye kuchukua hayamfuti machozi aliyechukuliwa, wala furaha ya timu ya taifa, ambayo huja kila baada ya miaka minne, haiwezi kujaza pengo la kila Jumamosi.

Mashabiki wa Anyang hawakuhama na timu. Walidai klabu yao kwa miaka tisa, hata mwaka 2013 ikazaliwa FC Anyang, mali ya mji, ikaanzia daraja la pili. Mwaka 2017 ilikutana na FC Seoul katika kombe la shirikisho, ikafungwa 2-0. Mwaka 2024 ilitwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda. Februari 2025 ikaenda katika uwanja ule ule wa Kombe la Dunia, ikalazwa 2-1. Tarehe 31 Agosti ikarudi pale pale, na safari hii Anyang ndiyo iliyoondoka na ushindi wa 2-1.